Treni ya mwisho inafika saa ngapi?

*Reli ya kisasa imefupisha safari ya Nairobi–Mombasa na ya Dar es Salaam–Dodoma. Abiria wa jioni ndiye aliyebaki akihesabu saa.*

Na Mwandishi Wetu

SAA tisa na nusu usiku, treni iliyoondoka Mombasa saa nne inasimama Syokimau, stesheni yake ya Nairobi. Milango inafunguka, baridi inaingia. Abiria waliopandia Miritini, stesheni ya Mombasa, na nguo nyepesi za pwani wanapekua mizigo kutafuta sweta. Mama anamhamishia mtoto aliyelala bega la pili ili apate mkono wa kushika begi. Wenye uwezo wanaita teksi kwa simu. Wengine hawana haraka ya kutoka. Wanatafuta pa kukaa mpaka kupambazuke, maana matatu za kuwafikisha kwao hazijaanza kubeba watu.

Treni yenyewe imefanya kazi yake. Imeondoka kwa wakati, imefika kwa wakati, na kilomita zaidi ya 470 zimekatwa kwa muda wa saa tano na nusu hivi. Lakini imemshusha abiria katika saa ambayo jiji zima limefunga milango.

Katika Afrika Mashariki tumezungumza sana juu ya reli mpya: gharama zake, mikopo yake, mabehewa yake, kasi yake. Ratiba tumeizungumza kidogo. Na katika ratiba, mstari uliosahaulika zaidi ni ule wa chini kabisa, wa treni ya mwisho ya siku.

Pengo la alasiri hadi usiku

Ratiba ya Madaraka Express, treni ya abiria ya Nairobi–Mombasa, ni rahisi kukariri. Kwa miaka kadhaa sasa treni za abiria zimekuwa zikiondoka Nairobi na Mombasa saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ya asubuhi husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na stesheni nyingine za njiani. Mbili zinazofuata ni za haraka.

Hesabu pengo hilo. Kati ya treni ya alasiri na ile ya usiku unapita muda wa saa saba, na hizo ndizo saa ambazo mtu wa kazi anakuwa huru kusafiri.

Mfanyakazi wa Nairobi anayetaka kwenda kwao Mombasa siku ya Ijumaa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuomba ruhusa aondoke kazini mchana, kwa sababu treni ya saa tisa inamtaka awe Syokimau mapema apite ukaguzi wa mizigo. Ya pili ni kumaliza kazi, kungoja hadi saa nne usiku, na kufika Miritini saa ambayo hata adhana ya alfajiri bado. Treni ambayo ingemfaa, ya saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, haimo kwenye ratiba.

Ingekuwamo, ingefika kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu usiku. Ni usiku, ndiyo, lakini usiku ambao shemeji bado yuko macho na anaweza kuja kukupokea.

> Kati ya treni ya alasiri na ile ya usiku unapita muda wa saa saba, na hizo ndizo saa ambazo mtu wa kazi anakuwa huru kusafiri.

Kasi ilivyobadilisha usiku

Hali haikuwa hivi enzi za reli ya zamani, na sababu yake inastahili kuangaliwa kwa makini.

Treni ya abiria ya reli ya zamani, iliyoacha kwenda Mombasa mwaka 2017 Madaraka Express ilipoanza, iliondoka Nairobi jioni na kufika pwani asubuhi, mara nyingi jua likiwa limekwisha kuchomoza. Ilikuwa ya polepole na ilichelewa sana. Hata hivyo polepole hiyo iliupa usiku kazi: abiria alilala njiani, akashuka mchana kweupe, akakuta magari, maduka na ndugu.

Reli ya Kati ya Tanzania, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilijenga desturi hiyo hiyo. Ukipanda treni ya bara unajua utalala njiani. Mito, mablanketi na vyakula vya kwenye mabehewa vilikuwa sehemu ya safari.

Sasa safari ya usiku mzima imekuwa ya muda wa saa tano na nusu hivi upande wa Kenya, na pungufu ya hapo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Ni fupi mno kuwa safari ya kulala, na ni ndefu mno kuanza usiku na kumalizika kabla ya usiku wa manane. Tumerithi desturi ya kuondoka usiku kutoka kwa treni za polepole, tukaivalisha treni ya kasi. Ndiyo maana Syokimau inapokea watu saa tisa na nusu.

Dar, Morogoro, Dodoma

Tanzania ilianza safari za abiria kwenye reli ya kisasa tarehe 14 Juni 2024, kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Treni zikaendelea hadi Dodoma tarehe 25 Julai, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akazindua huduma rasmi. Nauli ya kuanzia kwa daraja la kawaida ilikuwa Sh13,000 hadi Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma. Tangu hapo Shirika la Reli Tanzania (TRC) limebadilisha ratiba mara kadhaa, likiongeza treni na kusogeza saa.

Mabadiliko yaliyoletwa na reli hii si ya mchezo. Morogoro imekuwa safari ya muda usiofika saa mbili. Dodoma, ambayo kwa basi ilimeza siku nzima, ni muda wa kati ya saa tatu na saa nne. Watu wameanza kufanya jambo ambalo miaka mitano iliyopita lingeonekana ndoto: kwenda na kurudi siku moja.

Hapo ndipo treni ya mwisho inapopata uzito wake. Mgonjwa wa Morogoro mwenye miadi Muhimbili anaweza kufika asubuhi kwa treni. Kliniki ikimalizika alasiri, kisha vipimo, kisha dawa, jua linazama. Akikosa treni ya kurudi analipia gesti, na kwa mtu aliyekwisha kulipia vipimo gesti hiyo si gharama ndogo. Mwanafunzi wa Mzumbe aliyekwenda Dar kwenye usaili, mfanyabiashara wa Kihonda aliyefuata mzigo Kariakoo, shabiki aliyekuja kuona mechi ya usiku Uwanja wa Benjamin Mkapa: wote wanauliza swali moja kabla ya kukata tiketi ya kwenda. Kurudi je?

Wasipopata jibu la kuaminika, hata ile treni ya asubuhi hawaipandi. Wapangaji wa usafiri wanaoitazama treni ya mwisho kwa idadi ya waliokaa ndani yake tu wanakosea hapo. Treni ya saa nne usiku inaweza kuwa na viti vitupu na bado ikawa ndiyo iliyojaza treni ya saa moja jioni, kwa sababu aliyepanda ya saa moja alithubutu kusafiri akijua kwamba akichelewa kuna nyingine nyuma yake. Ukiifuta kwa kuwa haijai, hiyo iliyo mbele yake inageuka kuwa ya mwisho, na inaanza kukimbiwa vilevile.

Anza na saa ya kufika

Ratiba zetu nyingi zinatangazwa kwa saa ya kuondoka. Treni ya saa nne. Treni ya saa kumi na mbili. Abiria naye anazoea kufikiri hivyo.

Japani wamekwenda kinyume. Treni za Shinkansen, zilizoanza mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka, hazitembei kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Muda huo ni wa mafundi wa njia, na pia ni wa kuwapumzisha kelele wakazi wa pembeni ya reli. Mpaka huo ndio unaopanga jioni yote. Treni ya mwisho ya Nozomi kwenda Shin-Osaka, zaidi ya kilomita 500 kutoka Tokyo, huondoka karibu saa tatu na nusu usiku na kuingia dakika chache kabla ya saa sita. Wamechukua saa ya kufika, wakarudi nyuma, wakapata saa ya kuondoka.

Tukifanya hesabu hiyo kwetu, kila mji unapata kikomo chake. Kama tunataka abiria wa mwisho awe ameshuka kabla ya saa sita usiku, treni ya mwisho ya Dodoma kwenda Dar es Salaam isiondoke baada ya saa mbili usiku. Ya Mombasa kwenda Nairobi isizidi saa kumi na mbili na robo jioni. Lakini ya Dar kwenda Morogoro inaweza kusubiri hadi saa nne usiku na bado ikafika salama.

Hapo kuna nafasi kubwa ambayo haijatazamwa vya kutosha. Treni ya usiku inayoishia Morogoro haihitaji kwenda Dodoma. Mechi iliyoanza Kwa Mkapa saa moja usiku huisha karibu saa tatu. Uwanja uko Temeke, mwendo mfupi hadi stesheni. Treni ya saa nne, hata kama ni ya Ijumaa, Jumamosi na siku za mechi kubwa tu, ingewarudisha Morogoro watu ambao leo wanalala Dar au wanapanda gari lolote litakalotokea barabarani.

> Tuchukue saa ya kufika, turudi nyuma, tupate saa ya kuondoka.

Wenye reli wanasema nini

Upande wa pili una hoja nzito, na abiria akizipuuza atakuwa anadai kisichowezekana.

Hoja ya kwanza ni njia moja. Reli ya Nairobi–Mombasa na ile ya Dar–Dodoma zina njia moja kwa sehemu kubwa. Treni zinazokutana hupishana stesheni, moja ikiingia pembeni kuisubiri nyingine. Ukiongeza treni moja ya jioni umeongeza vituo kadhaa vya kupishana, na kila treni inayosubiri inapoteza dakika.

Hoja ya pili ni mizigo. Kenya ilianza kubeba makontena kwa reli ya kisasa mwanzoni mwa mwaka 2018, na mizigo hiyo ndiyo inayotegemewa zaidi kulipa mkopo wa Exim Bank ya China uliojenga reli. Tanzania imefungua safari za mizigo mwaka 2025. Treni ya mizigo haina mtoto wa kupokelewa wala daladala ya kuwahi, kwa hiyo usiku ni wake kwa asili. Wenye reli wanaona kila nafasi ya usiku inayopewa abiria wachache kuwa nafasi iliyonyang'anywa bandari.

Hoja ya tatu ni mafundi. Reli ya Tanzania inaendeshwa kwa umeme wa kilovolti 25 unaopita kwenye nyaya za juu. Fundi hawezi kuzigusa nyaya hizo mpaka umeme uzimwe na mkondo uhakikishwe haupo. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa dakika 20 kati ya treni na treni. Mwaka 2024, wiki chache baada ya kuanza, TRC ilitaja hata ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme njiani. Wapo waliocheka, lakini tukio lile lilionyesha jinsi kilomita mamia za nyaya porini zinavyohitaji ukaguzi wa kila mara. Na kati ya Kilosa na Gulwe, mafuriko yameisumbua reli ya zamani kwa miongo mingi; eneo hilo halitaki uzembe.

Hoja ya nne haisemwi sana nje ya karakana. Treni inayoingia usiku ndiyo itakayotoka asubuhi. Katikati yake inatakiwa isafishwe, ikaguliwe na ipate dereva aliyelala. Ikichelewa kuingia, anayeumia ni abiria wa alfajiri, ambaye hakuwa na habari na treni ya jana.

Nazikubali zote nne. Zote zinadai kwamba usiku wa manane uachiwe mafundi na makontena, na hilo ni sawa. Lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa nini pasiwe na treni ya saa kumi na moja jioni, wala kwa nini treni ya abiria iwe njiani saa nane za usiku. Kwa hakika hoja ya mafundi na hoja ya abiria zinaelekea upande mmoja: abiria wote wafikishwe kabla ya saa sita, kisha reli ifungwe kwa kazi nyingine. Treni ya Mombasa ya saa nne usiku inawanyima wote wawili wanachotaka.

Kuna watakaoitetea. Wapo wanaoipenda kwa sababu inawaokolea siku, na anayewahi ndege ya alfajiri Nairobi anaweza kuiona ni ya kufaa. Sidai ifutwe kesho. Nadai isibaki kuwa chaguo pekee baada ya saa tisa alasiri.

Mabasi hayakusubiri

Barabara nayo imebadilika. Kwa karibu miaka 30 mabasi ya mikoani Tanzania yalizuiwa kusafiri usiku kucha, mpaka mwaka 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza bungeni kwamba zuio limeondolewa. Tangu Oktoba mwaka huo mabasi yenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) yamekuwa yakitembea saa 24.

Wenye mabasi wana haki ya kuufuata usiku huo, na basi lina sifa moja ambayo treni haina: linaweza kumshusha mtu njiani, karibu na kwake. Hata hivyo barabara ya Dar–Morogoro–Dodoma usiku, na malori yake na magari mabovu yaliyoegeshwa bila taa, si mahali tunapopaswa kuwapeleka watu kwa sababu tu treni imekwisha kuondoka. Kenya ilionja uchungu huo mwishoni mwa mwaka 2017, ajali zilipoifanya serikali ipige marufuku magari ya abiria ya masafa marefu kusafiri usiku, kisha ikaruhusu tena kwa masharti. Kila abiria anayepanda treni ya jioni amepunguzwa kwenye hatari hiyo.

Kilomita za mwisho

Hata treni ikifika saa nne na nusu, safari haijaisha. Stesheni mpya nyingi ziko pembeni ya miji. Miritini si Mombasa mjini. Syokimau si Nairobi mjini. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, na ya Dodoma iko nje ya katikati ya jiji. Mchana umbali huo ni usumbufu mdogo. Usiku unaweza kuwa ghali kuliko inavyostahili, na kwa mwanamke anayesafiri peke yake unakuwa jambo la kuhesabiwa kabla hata ya nauli.

Uswisi, ambako tangu mwaka 1982 treni zimepangwa kupita kwa vipindi visivyobadilika kila saa, basi la kijijini linapangiwa ratiba kwa kuitazama treni. Treni inaingia, basi liko nje. Hatuhitaji utajiri wa Uswisi kuiga hilo. Vyombo viko tayari: Nairobi ina treni za jijini zinazofika hadi stesheni ya Syokimau, na kituo cha mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali na Stesheni ya Magufuli jijini Dar es Salaam. Pugu, treni zinaposimama, inawafaa wa Gongo la Mboto na Kisarawe bila kuwavusha mji mzima. LATRA ndiyo inayotoa leseni za daladala. Inaweza kuweka katika leseni za njia ya Kihonda–Msamvu au Dodoma mjini sharti la magari machache kuisubiri treni ya mwisho, kwa nauli iliyobandikwa ukutani.

Na treni ya mwisho ikichelewa, abiria aambiwe. Wanaokata tiketi mtandaoni huacha namba zao za simu. Wa Madaraka Express hulipa kwa M-Pesa. Ujumbe mfupi kwamba treni imekwama Kidete na itafika saa sita na nusu unamwezesha mtu kumpigia kaka yake aje na pikipiki. Ukimya unamwacha amesimama nje ya geti na begi.

> Ujumbe mfupi unamwezesha mtu kumpigia kaka yake. Ukimya unamwacha amesimama nje ya geti na begi.

Tabora itafikwa saa ngapi

Haya yote yana haraka kwa sababu reli inazidi kurefuka. Vipande vya Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka na Isaka–Mwanza vikikamilika, njia kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza itakuwa na kilomita 1,200 hivi. Kwa umbali huo treni ya kulala itarudi kuwa na maana. Ukiondoka Dar saa tatu usiku na kwenda kwa wastani wa treni za haraka za leo, utaingia Mwanza asubuhi, kiasi cha saa kumi hivi baadaye, umelala vizuri.

Lakini treni hiyo hiyo itapita Dodoma baada ya saa sita usiku, na Tabora kati ya saa tisa na saa kumi. Ikisogezwa mbele ili Tabora ipate alfajiri, Mwanza itafikwa karibu saa tatu asubuhi na siku ya kazi itakuwa imekwisha kuanza. Ikirudishwa nyuma hadi jioni, Dodoma itafaidika na Tabora itashusha watu saa saba usiku. Mji mmoja utapata saa nzuri na mwingine utapata saa mbaya, na treni moja haitaweza kuwaridhisha wote. Zitahitajika mbili, moja ya Mwanza na nyingine inayoishia Tabora kwa saa yake yenyewe.

Uamuzi huo unahitaji mabehewa ya kulala, madereva na nafasi za kupishana, na vitu hivyo huagizwa na kupangwa miaka kadhaa kabla. Wateja wa mizigo nao watataka kuhakikishiwa nafasi zao za usiku mapema. Wakazi wa Tabora, Dodoma na Morogoro wana haki ya kuulizwa sasa, nafasi hizo zikiwa bado hazijagawiwa, ni saa ngapi wanataka treni iwashushe.